Koti Jekundu Mtaa wa 22

Meja Cornelius Melody alisogea mbele ya kioo, akavuta mabega nyuma, akatunisha kifua, akaanza kughani shairi la Byron kana kwamba baraza zima la mabwana wakubwa limekaa kumsikiliza. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na meza za baa, viti vitupu, na madeni.

Ukumbi ulinyamaza. Mjomba wangu akacheka.

Alicheka peke yake, kile kicheko cha Tanga kisichoomba ruhusa kwa mtu. Mama mmoja mwenye mvi kiti cha mbele aligeuka akatutazama juu ya barakoa yake. Mjomba akajiinamia, mabega yanamtikisika, halafu akaninong'oneza: "Namjua huyu. Wallahi huyu mtu namjua."

Baadaye Meja alikirudia kile kioo, kwa shairi lile lile na mkao ule ule. Mjomba hakucheka tena.

Ilikuwa majira ya kuchipua ya mwaka 2022, kumbi za maigizo ndiyo kwanza zimerudia pumzi baada ya korona. Toka siku ile kuna neno alilolisema Mjomba tukiwa njiani kurudi ambalo limekataa kunitoka. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelibeba kazini. Sasa naliandika.

Upande wetu wa mto

Sisi tunaokaa vitongoji vya New Jersey tuna New York mbili. Ipo ya kazi, unayoiingia kwa treni ukiwa nusu usingizini na kuitoka ukiwa usingizini kabisa. Na ipo ya wageni: shangazi akija kutoka Dar unampeleka Times Square, anapiga picha, anauliza choo kiko wapi, mnarudi nyumbani kula wali.

Ya tatu hatunayo. Mimi binafsi sikuwa nayo mpaka mfanyakazi mwenzangu alipouguliwa na mtoto, akanipa tiketi zake mbili za tamthilia. Mke wangu alikuwa zamu. Nikampigia Mjomba.

"Tamthilia?" akauliza. "Ya kukaa au ya kusimama?"

Ya kukaa, nikamwambia. Akaja stesheni ya South Orange na suti yake ya kijivu, tai, na kalamu mbili kwenye mfuko wa kifuani.

Lazima niwaeleze ile suti. Mjomba alikuwa mkuu wa shule ya sekondari kule nyumbani. Watu walikuwa wakikutana naye njiani wanashuka baiskeli ndipo wamwamkie. Hapa Marekani anapanga magari ya watu usiku kwenye maegesho, na kijana wa miaka ishirini na kitu ndiye anayempangia zamu. Lakini siku za vikao vya jumuiya, misiba na harusi, suti inatoka, kalamu mbili zinatoka, na hakuna anayeitaja ile kazi ya usiku. Sote tunaijua. Sote tunamwita Mwalimu.

Kutoka Penn Station tuliteremka kwa miguu Barabara ya Saba mpaka Mtaa wa 22. Hapo ndipo ilipo Irish Repertory Theatre, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1988 na waigizaji wawili: Charlotte Moore, Mmarekani, na Ciarán O'Reilly, aliyetoka Ayalandi katika jimbo la Cavan. Walianza na tamthilia ya Sean O'Casey, wakahangaika na kumbi za kuazima, na mpaka leo kazi yao ni ile ile, kuwaonyesha Waairishi na Waairishi wa Marekani mbele ya mji ambao una kumbi kubwa za Broadway za kuwameza. Viti havifiki 150 hata ukihesabu vya roshani.

"Bwalo letu la shule lilikuwa kubwa kuliko hapa," alisema Mjomba. Alikuwa amefurahi. Aliuchukua mwongozo wa tamthilia mlangoni kwa mikono miwili, kama anapokea cheti.

Meja na farasi wake

Tamthilia yenyewe ni A Touch of the Poet ya Eugene O'Neill, mwandishi mkubwa wa tamthilia wa Marekani. Usiku ule Robert Cuccioli ndiye aliyekuwa Meja.

Mwaka ni 1828, mahali ni baa moja karibu na Boston. Melody ametoka Ayalandi. Baba yake alikuwa muuza pombe aliyetajirika kwa ujanja, akamnunulia mwanawe elimu ya kikabaila, na wenzake shuleni wakamcheka asili yake. Akaingia jeshi la Waingereza chini ya jemadari Wellington, akapigana Hispania kwenye vita vya Talavera, akapata umeja. Halafu akaharibu mambo, akahamia Marekani, akauziwa baa kwa kudanganywa kwamba barabara kuu ya magari ya farasi ingepita hapo. Haikupita.

Sasa mkewe anapika na miguu imemvimba. Binti yake, Sara, anahudumia wateja na kukwepa wenye maduka wanaodai. Na yeye Meja anafuga farasi jike mzuri wa kupandia, anayekula shayiri ambayo bei yake ingelipa mwenye duka.

Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya Talavera, anavaa sare yake nyekundu ya kijeshi na kuandaa karamu. Binti yake mwenyewe ndiye anayemhudumia mezani, naye anaongea na mtoto huyo kama anaongea na mtumishi.

Nilimtazama Mjomba wakati koti jekundu linateremka ngazi. Alikuwa amekaa wima kabisa. Nadhani na mimi nilikaa wima, sijui kwa nini.

Mwisho wake, kwa wasioujua: tajiri wa jirani anamdharau, Meja anakwenda kumtaka wapigane kwa bastola kama mabwana wanavyopigana, na hafiki hata kumwona. Anapigwa na watumishi na polisi, hadharani. Anarudi sare imechanika, anaingia zizini, na tunausikia mlio wa bastola. Tukadhani amejiua. Amemuua farasi. Akirudi ndani, ile sauti ya kibwana imekwisha. Anaongea lafudhi nzito ya kijijini, ile aliyoificha maisha yake yote, anacheka ovyo, anakwenda kunywa na walevi aliokuwa akiwadharau.

Na hapo Sara, huyu Sara ambaye tangu pazia lifunguke amekuwa akimsimanga baba yake kwa uongo wake, anamwangukia. Anamsihi arudi kuwa Meja.

Mjomba alikuwa ameukunja ule mwongozo wake mpaka umekuwa bomba jembamba. Taa zilipowaka akaanza kuunyoosha juu ya goti, polepole, ukurasa baada ya ukurasa, na watu wote wa mstari wetu wakasubiri amalize ndipo wapite.

"Afadhali wao"

Penn Station usiku watu husimama kundi zima wakikodolea ubao, namba ya jukwaa la treni ikitokea tu wanatimua mbio. Mjomba hakimbii akiwa na suti. Tulikosa viti vya pamoja mpaka Secaucus.

Alipokaa karibu yangu akasema, "Wamemvua nguo yule mzee."

Nikamwambia aliyeandika ni Mwairishi mwenzake. Wazee wake walitoka huko huko.

"Ndiyo mbaya zaidi."

Nikajitia mjuzi. Nikamwambia, Mjomba, mtu asipojieleza mwenyewe ataelezwa na wengine. Nikamtajia ule ukumbi wa Mtaa wa 49 wenye jina la huyu huyu Eugene O'Neill. Tangu 2011 unaonyesha The Book of Mormon, vichekesho vya nyimbo kuhusu wamisionari vijana wa Kimarekani wanaopelekwa Uganda. Kijiji kizima cha Waganda wa kubuni kinaimba wimbo wa kumtukana Mungu kwa maneno yanayotolewa kama ya huko, na maneno yenyewe si Kiganda, si Kiswahili, si lugha ya binadamu yeyote. Watu wanalipa fedha nyingi, wanacheka mpaka machozi. Nikasema, unaona? Sisi tupo Broadway tayari. Ila hatukujiandika.

Alinyamaza mpaka taa za Newark.

"Wale wakisema uongo," akasema, "mimi nikitoka pale ni mzima. Hawanijui. Lakini wewe ukisema kweli yangu, mjomba, nitakwenda wapi?" Halafu akaongeza, kwa sauti ya kufunga kikao: "Afadhali wao waseme uongo wao kuliko sisi tuseme kweli yetu."

Hilo ndilo neno lenyewe.

Viazi vya 1911

Siku za mwanzo nililichukulia kama ukaidi wa kizee. Mficha uchi hazai, si ndivyo tulivyofundishwa? Nikaanza kusoma habari za Waairishi hawa na jukwaa la New York nikitafuta silaha ya kumrudia nayo. Nilizozipata nyingi zilikuwa za kwake.

Novemba 1911 kampuni ya maigizo ya Abbey kutoka Dublin, ikiongozwa na Lady Gregory, ilileta New York tamthilia ya J. M. Synge, The Playboy of the Western World. Inamhusu kijana anayejisifu amemuua baba yake, na kijiji kinamgeuza shujaa. Waairishi wa hapa, watu waliohangaika miongo mingi kuonekana wastaarabu mbele ya Wamarekani waliowachora magazetini kama nyani, walinunua tiketi, wakaingia, wakawarushia waigizaji viazi. Polisi waliwatoa ukumbini. Kesho yake Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais miaka michache nyuma, alikuja kukaa na Lady Gregory kuonyesha kwamba yeye haoni tatizo. Philadelphia, Januari 1912, waigizaji walikamatwa kabisa.

Nawaelewa warusha viazi. Zamani ningewacheka.

Roosevelt angeona tatizo gani? Hakuna aliyekuwa anamnyima Roosevelt kazi kwa sababu ya jina lake. Aliyekuwa na cha kupoteza ni yule kijana wa ghalani kwenye viti vya juu, ambaye kesho asubuhi bosi wake angemuuliza kama ni kweli kwao watu wanaua baba zao. Mjomba angekuwa pale juu. Kiazi asingerusha, suti isingemruhusu, lakini angesimama akatoka.

Mitaa mitatu

Pale Times Square tunapopelekea wageni kuna sanamu ya George M. Cohan, tangu 1959, karibu na Mtaa wa 46. Mjukuu wa Waairishi, mtoto wa jukwaani, mwimbaji, mchezaji, mtunzi wa nyimbo za bendera. Alizaliwa tarehe 3 Julai 1878 lakini maisha yake yote alisema tarehe 4, sikukuu ya taifa. Huyo ndiye aliyependwa na wote. Ukishuka mitaa mitatu tu, pembeni mwa Mtaa wa 43, ndipo ilipokuwa hoteli aliyozaliwa O'Neill mwaka 1888. Hoteli ilishavunjwa. Nimepita hapo mara nyingi na shangazi na mabegi yao.

Ajabu ni kwamba mwaka 1933 Cohan aliigiza katika tamthilia ya O'Neill, Ah, Wilderness!, akiwa baba mpole wa familia yenye furaha. Ndiyo familia ambayo O'Neill hakuwa nayo.

Aliyokuwa nayo ni hii. Baba yake, James O'Neill, alizaliwa Kilkenny, akaletwa Marekani mtoto, akaonja njaa, akafanya kazi kiwandani akiwa mdogo. Akawa mwigizaji, akaifuta lafudhi ya Kiairishi kwenye ulimi wake. Akapata bahati ya kuigiza katika tamthilia ya Monte Cristo, watu wakampenda mno, akaigiza hiyo hiyo maelfu ya mara kwa karibu miaka thelathini mpaka kipaji chake kingine kikafia humo. Mama yake alizama kwenye mofini. Kaka yake alizama kwenye pombe.

Baba akafa 1920, mama 1922, kaka 1923. O'Neill hakuigusa habari yao. Alipata tuzo ya Nobel 1936, bado hakuigusa. Ilikuwa kati ya 1939 na 1941 ndipo alipoandika yote, kwa majina mengine kidogo tu, katika Long Day's Journey into Night: siku moja ya Agosti 1912, nyumba moja, familia ya watu wanne. Akaifunga. Akaagiza isichapishwe mpaka ipite miaka 25 tangu kifo chake.

Alifariki Novemba 1953. Mjane wake, Carlotta, aliitoa ichezwe Stockholm Februari 1956. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer, ya nne kwa O'Neill.

Hapa nilikwama kwa muda mrefu. Maana huyu niliyemtumia kama shahidi wangu kwenye treni, alipofika kwa watu wa damu yake alifanya alivyotaka Mjomba. Alingoja wote wafe. Halafu akataka na yeye mwenyewe afe, na juu ya hapo iongezwe robo karne. Meja Melody aliweza kumvua nguo kwa sababu Melody hakuwa na kaburi.

Lakini aliandika. Hilo nalo lipo. Na mlango ulipofunguliwa kabla ya wakati, Waairishi wa Marekani hawakufa kwa aibu.

Koti la pili

Kuna koti jingine. Nililijua baada ya kugundua kwamba ule ukumbi mdogo wa Mtaa wa 22 ulishaonyesha pia The Emperor Jones, mwaka 2009 na tena 2017.

Brutus Jones ni Mmarekani mweusi, zamani mhudumu kwenye mabehewa ya kulala ya Pullman, aliyekimbilia kisiwa cha Karibi na kujifanya mfalme. Anavaa koti la bluu la kijeshi, vifungo vya shaba, mabega ya dhahabu. Usiku mmoja msituni nguo zinamtoka kipande kwa kipande mpaka anabaki matambara. O'Neill alikuwa ameisimulia hadithi ile ile miaka mingi kabla ya kumwandika Meja. Tofauti ni kwamba mwili uliovuliwa nguo safari hii haukuwa wa watu wake.

Aliyemwigiza kwa mara ya kwanza, Novemba 1920 huko Greenwich Village, ni Charles Gilpin. Alikuwa amepitia uchapaji, unyozi, na yeye mwenyewe alishawahi kufanya kazi kwenye mabehewa ya Pullman. Mji ulimpokea kwa kishindo. Mwaka 1921 chama kimoja cha wapenda tamthilia kilimtaja miongoni mwa watu kumi waliotoa mchango mkubwa mwaka ule, kisha baadhi yao wakaona haya kukaa naye meza moja. O'Neill na wasanii wengine walipiga kelele, mwaliko ukatoka, Gilpin akaenda.

Tatizo lilikuwa neno. Tamthilia imejaa lile tusi la Wamarekani kwa mtu mweusi, nalo lilikuwa linatoka kinywani mwa Gilpin usiku baada ya usiku. Akaanza kulibadilisha. Huku analiruka, kule anaweka jingine. O'Neill akakasirika, akamtishia kumpiga. Ilipopelekwa London mwaka 1925, aliyekwenda ni Paul Robeson. (Robeson alizaliwa Princeton, hapa hapa New Jersey, na miaka ya 1930 alijifunza Kiswahili huko London. Ningependa kumsikia anavyokitamka.) Gilpin alifariki 1930, New Jersey pia. Miaka mingi baadaye O'Neill alimtaja miongoni mwa waigizaji wachache sana waliowahi kumpa mhusika kama alivyomwona kichwani.

Watu wengi husimulia kisa hiki kama ugomvi wa mwandishi na mwigizaji mkaidi. Mimi naona kwamba Gilpin hakuigomea tamthilia. Aliicheza mamia ya mara, alivua lile koti kila usiku mbele ya wazungu, akatambaa msituni. Alichokitaka ni kalamu, kwa neno moja, kwa sababu mdomo ulikuwa wake.

Pilau ya Jumapili

Nilimsimulia Mjomba habari za Gilpin juzi Jumapili, baada ya chakula. Alisikiliza huku anachokonoa meno, macho kwenye televisheni.

"Alikuwa anaishi wapi huyo?"

Nikamwambia.

"Karibu tu," akasema.

Kisha, bila kuulizwa, akaanza habari za Sara. Amekuwa akimfikiria, kumbe. Hakukubaliana na mimi kwamba Sara alimhurumia baba yake. Anasema binti alijihurumia mwenyewe: alikuwa na baba wa kumpinga, ghafla hana. "Mtoto hutaka uongo wa mzazi ubaki palepale ili aendelee kuusimanga," alisema. Mke wangu, aliyekuwa anaondoa sahani, akasema huyo mama aliyevimba miguu mbona hamumtaji hata siku moja. Hatukuwa na jibu. Nora Melody anampenda mumewe kwa koti na bila koti, na katika wiki zote hizi sikuwa nimemwandikia hata mstari.

Nikamwambia Mjomba nataka kuandika kuhusu ile safari yetu, na kwamba yeye yumo, suti imo, na ile kazi imo.

Hakunijibu kuhusu hilo. Akauliza kama wale wa Mtaa wa 22 wana kitu kingine msimu huu, na kama tiketi za wazee zina punguzo.

Jana nimemtumia makala hii nzima kwenye WhatsApp. Alinyamaza siku nzima, alama mbili za bluu zimetulia pale. Usiku, nadhani akiwa mapumzikoni kule maegesho, akanipigia. Kwanza alisahihisha nilipokosea kuandika jina la shule, nami nikaona heri niliondoe jina lenyewe. Halafu akaniomba nifute sentensi mbili, akanisomea zote mbili polepole kama anatoa imla.

Nimefuta moja.